Wenye Lambo Hawashauri

Mkunya, Newala
12 Februari 2023

Emilia mjukuu wangu,

Salamu sizirefushi, maana Jumatano ulinipita uso kwa uso ukanisalimia kwa kichwa kama mtu aliye juu ya pikipiki. Shikamoo yako uliiacha Masasi?

Umekuja kwenye mkutano wa lambo na huyo Mhispania wako, mama wa nywele fupi, mmeletewa viti vya shule, mmekaa. Mimi niliyekulea tangu mama yako alipofariki nilikuwa chini kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzangu, nakutazama soli za viatu. Nikasema moyoni, ngoja mkutano uishe, atakuja kula. Nilikuwa nimetwanga kisamvu. Gari likawashwa, mkaenda kulala gesti Newala mjini, kana kwamba hapa Mkunya huna mlango wa kubisha.

Hayo nimeyameza. Ninalotaka kujua ni hili. Yule mama alikuwa anaandika muda wote. Mjomba wako Bartholomayo akisema, anaandika. Sisi tumenyamaza, bado anaandika. Kwenye kunyamaza kwetu aliandika nini?

Lambo lile tulilichimba sisi wanawake kwa majembe ya mkono, mama yako akiwa mgongoni kwangu. Huku juu hakuna mto, unajua. Kabla ya lambo tulikuwa tunateremka bondeni na ndoo, jogoo la kwanza unaondoka, jua la utosi unarudi, na mtoto nyumbani analia kiu. Tangu siku lilipojaa mvua ya kwanza, sisi ndio tunaosema nani achote, lini, na kwa kazi gani. Hao wageni wanataka kulisakafia, kuliezeka na kutia pampu. Vizuri, hatukatai cha mtu. Lakini mwenye lambo asiandikwe vibaya.

Nakuandikia kwa mkono wangu, kwa herufi nilizojifunza kwenye kisomo cha watu wazima, kwa sababu simu iliyoko hapa ni ya mjomba wako na ina masikio yake. Loveness anayepeleka unga wa muhogo soko la Masasi ndiye posta yetu. Jibu umpe yeye.

Bibi yako,
Sijaona


Mkomaindo, Masasi
20 Februari 2023

Shikamoo Bibi,

Naomba radhi kwa Jumatano. Gari si langu na saa si yangu. Maite, yule mama, ndiye mkuu wa mradi, naye akisema twende ni twende. Kisamvu chako nilikisikia harufu tangu barabarani, usidhani sikukisikia.

Umeuliza aliandika nini. Bado hajaandika la mwisho, na hilo ndilo linaloninyima raha. Mkataba wa lambo utaandikwa Kihispania, upelekwe kwao kwenye mji unaotoa msaada. Kuna mahali pawili pa kujaza. Pa kwanza panataka jina la chombo kinachoamua juu ya maji. Pa pili panataka chombo kinachotoa ushauri. Atakayejazwa pa kwanza ndiye atakayekabidhiwa pampu na kutia sahihi. Mkalimani ni mimi, kwa hiyo Maite ameniambia nimtafutie neno linalowafaa ninyi.

Wao wana maneno mengi. Wakisema junta, ni watu waliokaa pamoja na kauli yao ndiyo ya mwisho. Wakisema comité, ni kamati tu, watu wachache waliotumwa kazi na wakubwa wao. Cabildo ni wazee wa mji, la kizamani kidogo, Maite alicheka nilipolitaja. Consejo ni baraza, na laweza kuwa baraza lenye nguvu kabisa, ila ukilifuatishia asesor linakuwa baraza la kushauri, linasikilizwa na wengine ndio wanaoamua. Kila neno lina kiti chake, na ukimkalisha mtu kiti kisicho chake atabaki humo.

Basi nisaidie, Bibi. Mkikutana wanawake wa lambo huwa mnafanya nini hasa? Mnapiga kura? Mwenyekiti ni nani? Na kwa nini mkutanoni hakuna mwanamke hata mmoja aliyefungua kinywa? Mjomba amenieleza ya kwake. Nataka ya kwako.

Mjukuu wako akupendaye,
Emilia


Mkunya
1 Machi 2023

Marahaba mke mwenzangu,

Nimesoma barua yako mara nyingi kwa sababu ya hayo maneno ya kigeni. Maneno yote hayo kwa wanawake wa lambo moja. Hao wenzako nadhani kwao maji ni mengi, ndiyo maana wana nafasi ya kukaa na kuchagua majina. Hapa halmashauri ya wilaya ina shauri ndani ya jina lake, umewahi kuiona ikimshauri mtu kuhusu ushuru? Inatoza. Jina halifanyi kazi, mtu ndiye anayefanya.

Unaniuliza eti tunafanya nini tukikutana. Swali hilo halijibiwi kwa karatasi. Mwanamke aliyepita unyago analijua bila kuuliza. Wewe masista walikuchukua mapema, wakakusomesha, wakakupeleka Hispania kwao uwe sista, ukaghairi, ukarudi na lugha yao mdomoni. Sikulaumu, kula kwako kumetoka huko. Ila hukuingia ndani, na asiyeingia haambiwi ya ndani. Nikikuandikia leo, kesho Mhispania analisoma, keshokutwa liko ukutani kwao limewekewa kioo.

Unataka mwenyekiti. Hatuna kiti, tuna mkeka. Unataka kura. Kura ni ya watu wanaotaka kuondoka haraka.

Andika hivi: Wenye Lambo. Basi. Kama Kihispania hakina neno la mtu mwenye kitu chake, waje wakope kwetu, tutawapa bure.

Na huyo mjomba wako amekueleza nini? Umepita hapo upesi kama mtu anayekanyaga siafu. Nimeona.

Sijaona


Mkomaindo, Masasi
16 Machi 2023

Shikamoo Bibi,

Naandika kwa haraka, Loveness yuko mlangoni na basi lake halingoji.

Karatasi zimekwenda. Maite alizitaka kabla ya Ijumaa na sikuweza kungoja zaidi. “Wenye” haikukubalika, wamesema ardhi ni ya kijiji na mwenye kitu ni lazima awe na hati. Lakini usihofu. Nimepata neno zuri, neno la heshima kubwa, na wanawake wa lambo mmetajwa kwa jina lenu kwenye mkataba. Ni mara ya kwanza mnaandikwa popote. Furahini kidogo, Bibi, jamani.

Nimekuwekea khanga na sukari.

Emilia


Mkunya
9 Juni 2023

Emilia,

Khanga nimeivaa, sukari imeisha. Sasa tuzungumze.

Lambo limesakafiwa, limeezekwa bati, limezungushiwa ukuta na geti lenye kufuli. Ndani kuna pampu. Kwa mbele wamesimika kibao cha maandishi ya kwenu ya Kihispania, na chini yake jina la mjomba wako limeandikwa kubwa kama la mgombea. Siku ya kukabidhi, Maite alimpa Bartholomayo ufunguo mbele za watu, tukapiga makofi. Na mimi nilipiga. Nilijua jioni atauleta kwetu, kwa kuwa kila kinachotolewa kwa ajili yetu hupokea yeye kisha akakileta. Jioni hiyo hakuja. Nikasema kachoka.

Wiki hii mikorosho imeanza kupulizwa dawa. Unajua sheria ya lambo tangu utotoni mwako: maji yale ni ya kunywa na kupika, ya kuogesha kichanga na kuosha maiti. Mikorosho haiingii. Anayetumia salfa ya unga hahitaji maji, na anayetaka dawa ya maji ateremke bondeni na baiskeli yake. Miaka yote imekuwa hivyo, na wanaume wamenung'unika miaka yote, na lambo limetufikisha Novemba, mvua zinaporudi.

Jana nimesikia toyo, zile pikipiki za miguu mitatu, zinanguruma. Nimekwenda. Nimekuta mapipa yamepangwa foleni getini na pampu inayajaza.

“Bartholomayo,” nikamwambia, “funga.”

“Mama, hili si la jikoni tena. Lina uongozi.”

“Uongozi wa nani?”

“Wa hawa na mimi. Ninyi ni washauri. Mkishauri, tunasikia.”

“Haya, nashauri ufunge.”

“Tumesikia, Mama.” Akavuta pipa lingine.

Watu walicheka, Emilia. Na wale ambao mama zao walichimba na mimi walicheka. Jafari, ambaye nilimwogesha kwa maji ya lambo lile siku aliyozaliwa, alicheka mpaka akashika mti.

Nimerudi nyumbani nikakaa. Bartholomayo nimemzaa mimi, akili yake naijua inakoishia. Hilo neno washauri hakulitunga yeye. Kalipata kwenye karatasi.

Uliandika nini? Nataka neno lenyewe na maana yake, bila sukari safari hii.

Sijaona


Mkomaindo, Masasi
18 Juni 2023

Shikamoo Bibi,

Pole sana kwa yaliyotokea getini. Nimesikitika na nitazungumza na Mjomba.

Neno lililotumika kwa upande wenu ni consejo asesor. Naomba ulielewe vizuri. Si neno la kudharauliwa. Kule Hispania wanaokaa kwenye baraza la namna hiyo ni wasomi, madaktari, watu wa kuheshimiwa. Upande wa Mjomba na wenzake limetumika junta directiva, yaani uongozi unaoamua, maana ndio walioonekana wakitoa kauli.

Mikataba huandaliwa na ofisi, Bibi. Mkalimani hutafsiri tu. Maite alikuwepo mkutanoni, akaona kwa macho yake wanaume wanasema na wanawake mmenyamaza. Mjomba naye alithibitisha. Alisema, “Akina mama hutushauri na sisi tunaamua.” Na mimi nilikuuliza wewe kwa maandishi, ukanijibu kwamba sistahili kuambiwa. Ningejaza nini?

Kama mnaamua, kwa nini hamkusema?

Emilia


Mkunya
2 Julai 2023

Emilia,

Usinirushie matope uliyokanyaga mwenyewe.

Ulitaka kujua kwa nini hatukusema. Nimeketi na Ziada, niliyechimba naye lambo, na wazee wenzangu, wamenipa ruhusa nikuambie, kwa kuwa kitu kikishavunjika hakuna haja ya kukifunika kitambaa.

Siku moja kabla ninyi hamjaja na viti vyenu, sisi tulikaa pembeni mwa lambo tangu asubuhi. Katikati huwekwa ungo wa unga wa mtama. Jambo linasemwa. Kila mwanamke anachukua unga kwenye kiganja. Anayekubali anaumwaga ukingoni mwa maji. Anayekataa anabaki nao, na anasema sababu, na wote tunamsikiliza hata kama ni mjinga. Hatuondoki mpaka kiganja cha mwisho kiwe kitupu. Siku ile Stella, yule mke wa Jafari, kabinti kadogo kuliko wote, alishika unga wake mpaka jua likapinda. Alikuwa anauliza pampu ikifa nani ataifufua. Alikuwa na haki. Tukajibizana naye mpaka akaridhika, akamwaga. Hapo ndipo neno likawa neno.

Kisha tunamwita mwanaume wa ukoo wetu. Huyo ni mdomo. Anaambiwa neno, analibeba barazani, analisema kama ni lake, ili atakayekasirika amkasirikie yeye, ugomvi usiingie vitandani mwetu. Mdomo wetu kabla yake alikuwa kaka yangu, akafa. Akashika Bartholomayo. Na neno likishamwagiwa unga, mwanamke halisemi tena hadharani. Akilisema amelivunja, itabidi turudi tukakae upya.

Sasa tazama. Mlipofika, sisi tulikuwa tumeshaamua kila kitu: pampu iwekwe, ufunguo ukae kwa Ziada, mikorosho isiingie. Tulikaa kimya kama mtu aliyeshiba. Mhispania wako akatuona akadhani tuna njaa ya kuulizwa.

Bartholomayo alitumwa kusema maneno matatu, akasema mawili. La ufunguo alilimeza. Sisi tulisikia kwamba amelimeza, na hatukuweza kusema. Nilikutazama wewe. Nilidhani utauliza, kwa kuwa wewe ni wa hapa. Ulikuwa unamtazama Mhispania.

Bartholomayo ni mdomo. Na wewe ni mdomo. Midomo miwili mmekutana mkagawana kichwa.

Halafu unaniambia ofisi ndiyo iliyoandika. Ofisi haina mkono. Nani aliyeandika?

Sijaona


Mkomaindo, Masasi
20 Julai 2023

Shikamoo Bibi,

Ni mimi.

Maite hakuwa ameamua. Alinionyesha zile nafasi mbili akaniuliza, “Hawa wanawake ni wa huku au wa huku?” Alisema mwenyewe kwamba kunyamaza kwenu kulikuwa kwa ajabu, kwamba hakuona woga usoni mwenu. Aliniuliza kama nina uhakika, akarudia tena kesho yake asubuhi. Nikamwambia nina uhakika, mimi ni wa Mkunya, nimekulia pale, nayajua mambo ya kwetu.

Bibi, sikuyajua. Nilipewa kazi hii kwa sababu niliandika kwenye maombi kwamba mila za huko nazifahamu. Barua yako ya Machi ilikuwa mkobani mwangu, imeandikwa na mkono wako kwamba sijui. Ningewezaje kumwambia yule mama kwamba bibi yangu mzazi amenikatalia? Nikashika alichosema Mjomba, kwa kuwa chake kilikuwa kimekamilika na kilijaa kwenye nafasi bila kubaki.

Siku ile sikujiona kwamba nimedanganya. Nilijipa moyo kwamba ushauri nao ni kitu.

Sijamwambia Maite bado. Nitapoteza kazi, na kodi ya chumba ndiyo hii. Lakini ili mpate haki yenu kidogo, nimeomba ofisi iwaalike washauri wote wa lambo semina hapa Masasi mwezi ujao. Mtalala vizuri, mtakula, mtapewa fulana zenye jina lenu, na mtasikilizwa kwa mara ya kwanza bila mwanaume kuwasemea. Ninaomba uje. Nitakuja kukupokea stendi mwenyewe.

Nisamehe.

Emilia


Mkomaindo, Masasi
3 Oktoba 2023

Shikamoo Bibi,

Hukunijibu. Kwenye semina walikuja wote isipokuwa wewe na Ziada. Loveness ananiambia barua aliikabidhi mkononi mwako, ukaisoma umesimama, ukaingia kupika.

Nimemwambia Maite. Yote, mpaka unga. Hakunifukuza. Aliniuliza kwa nini sikusema kwamba sijui, maana kutojua kungesameheka. Nimeondolewa kwenye ukalimani, siku hizi napanga mafaili na kupokea wageni. Ni sawa.

Lakini sikiliza habari njema. Mji unaotoa msaada umekubali kubadilisha mkataba. Nimepata neno sahihi, Bibi, na safari hii si la kujipa moyo. Junta de dueñas. Junta, wanaokaa pamoja na kauli yao ndiyo ya mwisho. Dueñas, wenye, na kwa Kihispania neno lenyewe linaonyesha kwamba hao wenye ni wanawake. Wale waliosema “wenye” haiwezekani, Maite amebishana nao mpaka wakaachia. Ni lile lile neno uliloniambia mwezi wa tatu, nikalikataa.

Linahitaji kitu kimoja tu, wanawake wenyewe waonyeshe kwamba wanaamua. Nimemweleza Maite kwamba hamsemi hadharani. Amekubali asiitishe mkutano. Atakuja tarehe 26 pembeni mwa lambo, atakaa nanyi mkekani, atatazama unga unavyomwagwa. Viganja vikiwa vitupu, inamtosha. Atakuja na mkalimani mwingine, kijana wa kutoka Dar. Mimi siruhusiwi.

Mkae, Bibi. Mmwage. Ufunguo utarudi kwa Ziada siku hiyo hiyo.

Emilia


Mkunya
5 Novemba 2023

Marahaba Emilia,

Lambo limekauka tangu Agosti. Nakuambia hilo kwanza ili usidhani ninaandika nikiwa nimeshiba maji. Chini limebaki tope lenye harufu ya dawa, mbuzi analinusa anaondoka. Pampu ni nzima kabisa, ukiivuta inatoa upepo.

Mgeni wako amekuja. Nisimnyime haki yake, alivua viatu, akakaa mkekani, akakunja miguu kama sisi ingawa ilimuuma. Kijana wa Dar alikaa mbali na simu yake. Ziada alileta ungo. Mimi nikasema jambo: ufunguo urudi kwetu, lambo likijaa tena lilindwe kama zamani, na karatasi iandikwe upya. Kila mmoja akachukua unga.

Mimi nikamwaga. Ziada akamwaga. Nikainua macho.

Walikuwa wamekaa na unga wao kiganjani, Emilia. Wote. Wengi wamevaa zile fulana zenu za bluu juu ya khanga. Sijawahi kuona viganja vingi vimejaa namna ile.

Nikasema, haya, sababu. Ndiyo desturi, anayeshika anasema.

Akaanza Stella, yule yule aliyetusumbua na pampu siku ile mpaka tukampenda. Akasema, “Bibi, usikasirike. Zamani maji yakiisha, mume wangu alikuwa ananiuliza mimi, na kuuliza kwake unakujua. Mwaka huu yameisha, kaenda kumtukana Bartholomayo. Mimi nimelala vizuri.”

Mwingine akadakia, “Mshauri halaumiwi.”

“Tena unaitwa Masasi,” akasema wa nyuma, sikumwona uso, “unaulizwa maoni, unaambiwa asante kwa mchango wako. Hapa mkekani nani aliwahi kuniambia asante?”

Nikawaambia, lambo ni kavu. Mnateremka bondeni na ndoo kama nilivyoteremka mimi. Hamuoni?

Stella akanijibu taratibu, bila jeuri, na hilo ndilo lililonimaliza: “Tunaona, Bibi. Tumeshauri mwakani wasijaze mapipa mengi. Wamesema watalitazama.”

Tulikaa. Nilidhani nitawachosha kama nilivyowachosha mama zao. Saa ya kupika ikafika, wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyemwaga. Walikung'uta viganja kwenye khanga wakaenda. Kijana wa Dar alimfuata mmoja akamuuliza, haya hapa nani mwamuzi, naye akamwambia, “Aulizwe mwenyekiti.” Akamwonyesha na njia ya kwa Bartholomayo.

Maite alilia kidogo. Mimi sikulia. Nilimsaidia kusimama, miguu ilikuwa imekufa ganzi.

Sasa hilo neno lako jipya. Nimelisoma, nimelirudia kwa sauti hapa jikoni. Ni zuri. Ndilo lenyewe. Lingekuwa letu kama ungelileta mwezi wa tatu, na pengine kama ningekufungulia mlango mwezi wa tatu, hilo sitaki tulijadili. Leo ukiliandika utakuwa umedanganya mara ya pili. Lile la kwanza lilikuwa uongo siku ulipoliandika. Wamekalishwa humo, wakalizoea joto lake, na sasa ni kweli tupu. Wanawake wa lambo la Mkunya ni washauri. Hukukosea, uliwahi tu.

Mimi mwenyewe jina langu lipo kwenye orodha yenu, la kwanza, bila kuulizwa. Kwa hiyo siwezi tena kukuambia fanya hivi nawe ukafanya. Ninakushauri usibadilishe karatasi. Kaeni na mgeni wako, mlitazame shauri langu, mkiona halifai mlitupe. Mtakuwa mmenisikia.

Sijaona,
mshauri